Chumba cha Michoro Kilivyopimwa Afya

Ilikuwako nchi moja, na kwa habari za mwisho zilizotufikia bado iko, ingawa kibali chake cha kuendelea kuwako kinasubiri sahihi. Jina lake tuliache. Limebadilishwa mara tatu, na wachonga mihuri wamechoka. Katika nchi hiyo kulikuwa na Kiwanda cha Taifa cha Kanga, na nyuma ya ghala la marobota kulikuwa na Chumba cha Michoro chenye watu wanne. Hao wanne ndio waliobuni kila kanga waliyojifunga wanawake wa nchi nzima. Ndio pia waliokuwa wakifanya kazi peke yao katika kiwanda kizima, ila Serikali ilikuwa haijaligundua jambo hilo, kwa hiyo waliishi kwa amani.

Mkuu wao aliitwa Bi Zamoyoni, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mbili, mwenye wino chini ya kucha usiotoka hata kwa ndimu. Wenzake walikuwa watatu. Mzee Machano alichora pindo, ule ukingo unaoizunguka kanga. Sikujua, binti aliyemaliza chuo cha ufundi, alichora mji, yaani ile sehemu ya katikati, na kuchagua rangi. Pandu alitunga majina, yale maneno yanayochapwa chini ambayo humwezesha mwanamke kumtukana jirani yake huku kinywa chake kimefungwa.

Bi Zamoyoni hakuwahi kusomea uongozi, na pengine ndiyo maana aliuweza. Alikuwa na desturi zake tu. Mchoro mpya haukuchekwa mpaka ulale siku mbili ukutani. Ukiona kasoro unamwambia mwenyewe usoni, hupeleki kwa mkubwa. Aliyeharibu kitambaa alikitundika mlangoni kwa mkono wake na kueleza alivyokosea, na wa kwanza kutundika alikuwa yeye Bi Zamoyoni, aliyewahi kumchora tausi mwenye miguu mitatu na kumpitisha hadi mtamboni. Saa saba walikula sinia moja. Waligombana kila siku. Mzee Machano alimwita Sikujua "huyu asiyejua kushika brashi" akiwapo, na akiondoka alimwita "mkono wa dhahabu". Kanga zao zilipofika madukani, wanawake walikanyagana.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Waziri aliporudi kutoka semina.

*

Alikuwa Mheshimiwa Dakta Bwanaheri Mikogo, Waziri wa Ubunifu, Utii na Mambo Yanayofanana na Hayo. Alikuwa amepelekwa ng'ambo wiki mbili kujifunza namna ya kuongoza na kukuza vikundi vya wabunifu. Alihudhuria chakula cha ufunguzi na chakula cha kufunga, na katikati ya milo hiyo aliokota sentensi moja, akarudi nayo nyumbani kama mtu aliyeokota kipande cha mwezi: "Timu bora ni timu yenye afya, na timu yenye afya hukua."

Aliingia Chumba cha Michoro na watu kumi na saba nyuma yake. Wengine walibaki nje kwa sababu ya ukubwa wa mlango na wa wao wenyewe.

"Mama, timu yako ina afya?" aliuliza.

"Ina afya, Mheshimiwa," alisema Bi Zamoyoni. "Tunagombana vizuri."

Waziri alimgeukia katibu wake. "Andika: wanagombana."

"Vizuri, Mheshimiwa," alikumbusha Bi Zamoyoni.

"Hilo la vizuri si lazima. Wamepimwa?"

"Kupimwa nini?"

"Afya, mama! Wewe unasema wana afya. Nani kakwambia? Wewe ni daktari?"

"Si daktari."

"Basi mimi ni daktari," alisema Waziri, na hapo hakusema uongo, kwani shahada alikuwa nayo, katika falsafa ya mapokezi ya wageni.

Jumatatu ilikuja mizani. Zilikuja mashine za presha, vipimajoto na mtu wa kuhesabu meno. Sikujua alionekana pungufu kilo nne, akaamriwa azirudishe alikozipeleka. Pandu alipatikana na mapafu ya kutosha. Mzee Machano alipimwa presha wakati ofisa mmoja ameegemea pindo lake la wiki tatu, mkononi ana kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Sindano ya mashine ilipanda, ikagota, ikabaki huko huko ikitetemeka.

Majibu yalitoka mchana: Machano Khatibu ni hatari kwa afya ya timu. Astaafishwe. Barua ilihitaji sahihi ya mkuu wake wa kazi.

"Siitii," alisema Bi Zamoyoni.

Katibu wa Waziri alikuwa kijana mpole, aliyezoea kuleta mabaya kwa sauti ya kubembeleza. "Dada yangu, ukitia sahihi hawa wawili wanabaki. Usipotia, chumba kizima kitafungwa kwa ajili ya kuzuia maambukizi. Sasa chagua mwenyewe, mimi sikulazimishi."

Bi Zamoyoni alimtazama Sikujua, akamtazama Pandu, akaichukua kalamu. Hakumtazama Machano.

Mzee alizifuta brashi zake tatu, akazitia mfuko wa shati. Mlangoni alisimama.

"Hata kunitetea kidogo, Zamoyoni?" alisema. "Kwa sauti ndogo tu?"

Miaka ishirini na sita walikuwa wamefanya kazi pamoja. Katika kile chumba kilichojaa watu waliopimwa wakakutwa wazima, Bi Zamoyoni alikuwa akifunika kalamu yake.

*

Baada ya afya likaja suala la ukuaji. Waziri alipiga hesabu zake: watu wanne wanatoa kanga moja kwa wiki, basi arobaini watatoa kumi. Wizara nzima ilipiga makofi, kwani wengi wao hesabu hiyo ilikuwa ikiwasumbua tangu shule. Wakaletwa watu thelathini na saba kuungana na wale watatu waliosalia.

Akaja Ofisa wa Nyekundu, akaja na Ofisa wa Nyekundu Iliyokolea, na hawa wawili hawakusalimiana. Akaja Mratibu wa Mistari Iliyonyooka. Akaja mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi, aliyepewa cheo cha Mshauri wa Mdundo wa Rangi, na aliyekuwa akilala kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Akaja Ofisa wa Furaha, mtu mwenye uso kama mlango wa benki siku ya Jumapili, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika daftarini nani amecheka, mara ngapi, na kwa sababu gani. Wengi wao walikuwa jamaa wa mke mdogo wa Waziri, ukoo ambao, kwa bahati njema ya taifa, ulijaliwa vipaji kuanzia siku ya harusi.

Bi Zamoyoni alijaribu. Asiseme mtu kwamba hakujaribu. Alimpa brashi Mkurugenzi Msaidizi wa Nukta, akamwomba achore nukta moja.

Yule bwana aliitazama brashi kama aliyeonyeshwa nge. "Bi mkubwa, tusivunjiane heshima. Mimi si wa kuchora nukta. Mimi ni wa kuziongoza."

Meza zilikuwa nne. Zikachukuliwa kwa kufuata vyeo, na Sikujua akawa anachora koridoni, ubao juu ya mapaja, huku watu wakipita na chai. Sinia la saa saba halikutosha tena. Kikaundwa kikao cha kujadili sinia, na kikao nacho kikahitaji chakula.

Ndipo ikafika amri kubwa. Kiongozi wa nchi, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Baba Mlezi, alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya kukataa kupumzika. Ilitakiwa kanga ya Jubilei. Pandu alitunga jina asubuhi moja tu: *Umenena nimesikia, sasa acha nipike.* Bi Zamoyoni alicheka, Sikujua akacheka, Ofisa wa Furaha akaandika.

Kikao cha watu arobaini kililijadili jina hilo siku tisa.

"Umenena," alisema Mratibu wa Mistari Iliyonyooka. "Nani kanena?"

"Mtu yeyote," alijibu Pandu. "Jirani. Shoga. Wifi."

"Katika nchi hii anayenena ni mmoja. Kwa hiyo ni yeye. Na huyu mwanamke anamwambia acha?"

Mpiga tarumbeta aliamka, akahisi hatari, akalala tena.

"Na hili la nipike," alidakia Ofisa wa Nyekundu. "Apike nini? Si ndiyo kusema watu wanajiuliza watapika nini?"

Hakuna aliyethubutu kufuta neno, maana anayefuta huulizwa kwa nini. Kila mmoja akaongeza lake. Siku ya tisa jina lilisomeka hivi: *Umenena (Mheshimiwa) nimesikia na ninatekeleza kwa vitendo, sasa kwa idhini ya mamlaka husika naomba nipike kwa kuzingatia usalama, mshikamano na maendeleo endelevu.*

Pindo nalo lilikuwa na shida zake. Wilaya kumi na moja zilidai kila moja ione zao lake humo. Pindo likavimba, likaingia ndani kwa ndani, mpaka mji wa kanga ukabaki na ukubwa wa sahani. Palepale kwenye sahani Waziri akaamuru iwekwe sura ya Baba Mlezi, anatabasamu. Sikujua aliichora. Ilikuwa kazi nzuri, kwa sababu hakujua kufanya mbaya.

Siku aliyoimaliza alimvuta Bi Zamoyoni pembeni. "Bi mkubwa, wataikalia."

"Wataikalia nini?"

"Ile sura. Mtu akijifunga, katikati inakuja nyuma. Akiketi..."

Bi Zamoyoni alisimama kikaoni akalisema hilo waziwazi. Waziri alifikiri kwa muda, jambo lililowatia hofu wasaidizi wake, kisha akatoa ufumbuzi. Ni marufuku kuketi ukiwa umevaa kanga ya Jubilei. Wakapiga makofi, wakasaini muhtasari wa kikao. Sahihi arobaini, na ya Waziri juu kabisa ikawa ya arobaini na moja.

*

Siku ya Jubilei wanawake mia nane waligawiwa kanga, wakapangwa uwanjani juani tangu saa mbili. Viongozi waliketi kivulini wakawasifu kwa uvumilivu wao. Saa tano Baba Mlezi alikuwa bado anaeleza utoto wake. Saa saba alikuwa amefika darasa la tatu.

Mstari wa mbele alikuwapo bibi mmoja mnene mwenye miguu iliyovimba. Alianza kuyumba. Askari akamsogelea.

"Bibi, simama. Hairuhusiwi kuketi."

"Mwanangu," alisema yule bibi, na kipaza sauti hakikuwa mbali, "Mwenyezi Mungu alinipa makalio kabla ya huyu kupewa cheo."

Akaketi. Wa pembeni yake akaketi. Kisha uwanja mzima ukashuka chini, mia nane kwa pamoja, na miguno ya raha ikasikika hadi kivulini. Baba Mlezi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuona karibu tu, alidhani ni heshima, akawapungia mkono. Lakini Waziri alikuwa anaona.

Kesho yake asubuhi Bi Zamoyoni aliitwa wizarani. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja: Fomu ya Kumbaini Mgonjwa.

"Mwili wenye afya hujitapisha sumu," alisema Waziri. Jasho lilimtoka ingawa feni mbili zilimwelekea. "Katika timu yako yumo mgonjwa aliyemdhalilisha Baba Mlezi. Mtaje. Mtu mmoja tu, na kiwanda kitapona."

"Na huyo mmoja atapelekwa wapi?"

"Hilo ni la madaktari wa Usalama." Aliinama akanong'ona, kama mtu anayefanya wema. "Si yule binti ndiye aliyeichora? Mkono wake ndio umo pale. Andika tu Sikujua. Wewe si ulishatia sahihi moja? Ya pili huwa nyepesi."

Hapo ndipo Waziri alipokosea, maana kama angenyamaza huenda hofu ingefanya kazi yake. Bi Zamoyoni alimwona akilini Mzee Machano amesimama mlangoni na brashi zake mfukoni. Alivuta fomu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa chumba cha michoro: *Ugonjwa huu ni wa kuambukiza. Walioupata ni hawa wafuatao, kwa ushahidi wa sahihi zao.* Kisha akautoa mkobani muhtasari wa kikao, akaanza kunakili majina, kwa kufuata vyeo. Nambari moja ilikuwa Mheshimiwa Dakta Bwanaheri Mikogo. Lake mwenyewe aliliweka la pili.

"Unafanya nini?" Waziri aliinuka.

"Natii, Mheshimiwa. Nakala ya muhtasari mlikwisha kuipeleka Ikulu, kwa fahari. Wakimtaka aliyeidhinisha, watasoma kuanzia juu. Ukimtaka Sikujua, yeye ni wa thelathini na tisa. Tutafika tu."

Waziri aliketi. Ilionekana kwamba alikuwa amekalia jambo zito.

Mwisho wake hakupelekwa mtu popote. Ripoti kwa Ikulu ilisema kwamba wanawake mia nane walizidiwa na mapenzi wakaishiwa nguvu za miguu. Bi Zamoyoni, Sikujua na Pandu walipewa vyeti vya daktari: wote watatu walikutwa na ugonjwa wa kuona kasoro, usio na tiba, wasikaribie kiwanda. Walitoka getini wakiwa na vitu vyao ndani ya boksi moja la sabuni. Mlinzi aliwasachi asije mtu akatoka na rangi.

*

Bi Zamoyoni alikaa kwake siku nne. Siku ya tano alikwenda nyumbani kwa Mzee Machano na kusimama uani bila kukaribishwa. Mzee alikuwa anapigilia fremu ya kuchapia, ya mbao, kama zile za zamani kabla ya mitambo.

"Ulitia sahihi," alisema bila kuinua kichwa.

"Nilitia."

"Kalamu ya nani?"

"Yangu. Sikuazima."

Mzee alipigilia misumari mitatu polepole. "Nilidhani utakuja na maneno. Kwamba ulilazimishwa, kwamba uliwafikiria hawa watoto."

"Niliwafikiria. Lakini nilikuuza wewe, Kaka Machano. Nimekuja kukwambia hivyo, nisikupitishie kwa mtu."

Mzee alimwacha amesimama mpaka fremu ikaisha. Kisha akamtupia kitambaa. "Fremu zile pale zina wino uliokauka. Zioshe. Ukimaliza nitaona kama nimesamehe."

Aliziosha zote kumi na mbili. Mzee hakusema amesamehe. Alisema tu maji aliyotumia ni mengi mno, na kesho awaambie wale wengine waje mapema, hasa huyo asiyejua kushika brashi.

Hivyo wakaanza tena uani, watu wanne, meza moja ya mlango uliong'olewa. Ukuta wa jikoni ukawa wa kulaza michoro. Wanawake walipopata habari, foleni ilifika kwenye kinu cha kusaga.

Kiwandani, kwa upande wao, timu ilikuwa imekua hadi watu mia moja na kumi na wawili, na tangu Jubilei haikuwa imechora hata mstari. Kwa kuwa haikuchora, haikukosea. Kwa kuwa haikukosea, ilichaguliwa Timu Yenye Afya Kuliko Zote, na ikatangazwa siku ya kumvisha Waziri nishani.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, mwanamke mwenye miwani myeusi na viatu vya ngozi ya nyoka alifika uani, akaipita foleni.

"Mnajua mimi ni nani?" aliuliza.

"Tunajua," alisema Mzee Machano. "Bi Kazija, mke mkubwa wa Waziri. Simama nyuma ya yule mwenye ndoo."

Alisimama. Saa mbili nzima, viatu vikizama kwenye mchanga. Zamu yake ilipofika, Bi Zamoyoni alimwuliza anachowauliza wote: "Unataka iseme nini?"

Bi Kazija alivua miwani. Akatazama huku na huku, akainama sikioni mwa Pandu, akanong'ona kwa muda mrefu. Alikuwa mtu ambaye hakuwa ameulizwa swali hilo kwa miaka mingi. Pandu alisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akaenda kujifungia chooni acheke kwa heshima.

Siku ya nishani uwanja ulijaa. Itifaki ilitaka mke mkubwa ndiye ambandike mumewe nishani kifuani, na kwa kufanya hivyo ilimbidi aupe umati mgongo. Kanga yake ilikuwa mpya, nyekundu na nyeusi, pindo lake safi kama lililochongwa, na jina likakaa mahali pake panapostahili. Mtu mmoja wa mbele alilisoma kwa sauti, taratibu, kama anayejifunza silabi: "Umejaza nyumba watu..."

Uwanja ukamalizia: "...kitanda hakina mtu!"

Siku iliyofuata timu nzima iliitwa kuipiga marufuku kanga hiyo. Barua ya marufuku ilihitaji kutaja ni nani aliyetukanwa. Watu mia moja na kumi na wawili walitazama meza. Waziri aliuliza kama yupo anayedhani maneno yale yanamhusu yeye. Hakuwapo. Wakaahirisha, wakaenda kula.

Uani kwa Mzee Machano, Pandu alikuwa akisoma orodha ya walioagiza, na Bi Zamoyoni akichanganya rangi. Alipofika chini ya ukurasa, Pandu aliirudia mistari ile kwa macho.

"Nini?" aliuliza Bi Zamoyoni.

"Kuna mtu ametumwa asubuhi na mke mdogo wa Waziri," alisema Pandu. "Anataka doti mbili. Jina lilelile."